Kabla ya Kukodisha Chai: Somo Juu ya Pesa za Serikali kwa Mwanafunzi wa Chuo

Katika toleo hili tunataka kusoma pamoja jambo ambalo vikundi vingi vya Kericho na Bomet vimetuuliza. Swali huja kwa maneno tofauti, lakini ni lile lile: mtoto ameitwa chuo, serikali itatoa ngapi, na sisi wa nyumbani tutatoa ngapi?

Tunaomba somo hili lisomwe kwa sauti katika mkutano wa kikundi, pole pole, si kwa siku moja kama hamna nafasi. Mahali tulipoandika swali, msomaji anyamaze na watu wazungumze. Na kama kuna mwanakikundi mwenye mtoto Form Three au Form Four, huyo akae karibu.

Tunaandika kwa sababu ya kitu tunachokiona kila mwaka. Barua ya chuo inafika, nyumba inashikwa na hofu, na baba anamtafuta mtu wa kukodi chai. Ekari moja inakwenda kwa miaka mitatu au minne kwa bei ya haraka. Mwenye kukodi anachuma, anachukua malipo ya mwezi, anachukua bonasi, na wewe mwenye shamba unapita kando ya majani yako kama mgeni. Halafu baadaye inajulikana kwamba mtoto yule angepata sehemu kubwa ya karo kutoka serikalini, ila fomu haikujazwa, au ilijazwa vibaya, au ilijazwa siku ya mwisho na mtu asiyejua mambo ya nyumba hiyo. Hatusemi kukodisha ni dhambi. Kuna nyumba ambazo hazina njia nyingine. Tunasema tu kwamba lisiwe jambo la kwanza kufanywa.

TULIKOTOKA

Wazee waliosoma chuo kikuu zamani huwaambia vijana kwamba serikali ilikuwa inasomesha watu bure na kuwapa pesa za mfukoni juu yake. Hawadanganyi, ila si hadithi yote. Tangu 1974 pesa zile za kuishi zilikuwa mkopo, ingawa wengi walizichukua kama zawadi. Wanafunzi waliziita bumu. Serikali ilikuwa hodari wa kuzitoa na mlegevu wa kuzidai, na sehemu kubwa haikurudi.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1991, wakati wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma walipoanza kulipa sehemu ya karo. Bumu ikaondolewa, na mwanafunzi akaanza kununua chakula chake mwenyewe. Kulikuwa na ghasia na vyuo vikafungwa. Ndipo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile tunayoiita HELB, ikaanza kazi Julai 1995. Kazi yake ni mbili: kutoa mkopo na kuudai urudi. Hiyo ya pili wengi huisahau.

Kwa miaka mingi baada ya hapo mambo yalikuwa hivi: serikali ilipeleka pesa moja kwa moja kwa chuo kwa kila mwanafunzi iliyemchagua, mwanafunzi alilipa karo ndogo iliyokuwa sawa kwa wote, maskini na tajiri, na mwenye shida aliomba HELB. Vyuo vikawa na madeni makubwa kwa sababu pesa za serikali hazikutosha idadi ya wanafunzi. Mwezi wa Mei 2023 Rais Ruto alitangaza mpango mpya, ukaanza na wale waliofanya KCSE 2022. Waliokuwa tayari chuoni waliendelea na utaratibu wa zamani. Kwa hiyo usimuulize kijana wa jirani aliyeingia chuo 2021 alilipa ngapi, ukafikiri wako atalipa hivyo hivyo.

MAFUNGU MATATU

Katika mpango huu kila kozi ina bei yake kamili, na bei hiyo inagawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ufadhili. Huu ni msaada, haurudishwi. Fungu la pili ni mkopo wa HELB, huo unarudishwa na riba. Fungu la tatu ni la nyumbani. Mbali na hayo mwanafunzi hupewa pesa za kuishi, yaani za chakula, chumba na vitabu, na hizo pia ni mkopo. Hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Mmoja anasema "serikali imelipa yote," mwingine anasema "yote ni deni," na wote wawili wanasema nusu ya ukweli.

Ukubwa wa kila fungu unategemea hali ya nyumba. Mwaka wa 2023 wanafunzi waligawanywa katika makundi manne. Mwaka wa 2024 makundi yakawa matano, ndiyo yanaitwa bendi. Viwango vilivyotangazwa mwaka huo vilikuwa hivi: nyumba yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi ni bendi ya kwanza, na mtoto wake hupewa ufadhili wa asilimia 70 ya bei ya kozi, mkopo asilimia 25, na nyumbani asilimia 5. Mapato mpaka 23,670 ni bendi ya pili: ufadhili 60, mkopo 30, nyumbani 10. Mpaka 70,000 ni bendi ya tatu: 50, 30 na 20. Mpaka 120,000 ni ya nne: 40, 30 na 30. Kupita hapo ni ya tano, ambako ufadhili ni 30, mkopo 30 na nyumbani 40. Pesa za kuishi zilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka katika bendi ya kwanza, zikipungua kwa elfu tano tano mpaka 40,000 katika ya tano.

Msizishike namba hizi kama amri kumi. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu, Jaji Chacha Mwita, iliamua kwamba mpango huu unavunja Katiba. Kesi ikaenda Mahakama ya Rufaa, ambayo 2025 ilisimamisha uamuzi huo kwa muda. Kwa hiyo kila kikundi kiulize viwango vya mwaka wake kabla ya kupiga hesabu. Lakini mafungu matatu yenyewe mkiyaelewa, hata namba zikibadilika hamtapotea.

Swali: Katika kikundi chenu kuna nyumba ngapi zilizo na mtoto chuoni? Je, mzazi anaweza kutaja ni kiasi gani cha karo ya mtoto wake ni ufadhili na kiasi gani ni mkopo? (Tumeuliza swali hili mahali pengi. Kwa kawaida wanaojibu ni wachache, na wengi wao ni akina mama.)

Neno moja juu ya wale wanaokwenda vyuo vya ufundi, kama vile Sot kule Bomet. Wao pia huomba, ila asilimia zao ni tofauti na hizi za chuo kikuu. Na aliyepelekwa chuo kikuu cha binafsi ajue kwamba mpango wa 2023 haukumpa ufadhili, anaweza kuomba mkopo tu. Jambo hili lijulikane wakati kijana anachagua kozi, si baada ya barua kufika. Vyuo vikuu vya umma viko karibu: Kabianga kilipewa hati yake 2013, na Bomet kulianzishwa chuo kishiriki cha Moi 2017. Mtoto wa Bureti au Konoin akisoma hapo bado atahitaji chumba na chakula, lakini nauli ya kurudi nyumbani kuchukua mahindi ni ndogo.

HESABU YA CHAI

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Serikali haijui nyumba yako. Haijapita kwenye kituo cha kununulia majani ikaona kikapu chako. Inachojua ni kile kilichoandikwa kwenye fomu na kile inachoweza kukilinganisha na rekodi nyingine zake. Fomu yenyewe iko kwenye intaneti, hakuna ya karatasi, na kwa hiyo watoto wengi huijaza kwenye saiba, Kericho mjini, Litein au Bomet, wakiwa peke yao, na foleni iko nyuma.

Hebu tuone linalotokea. Kijana wa saiba anauliza, "Baba yako anapata ngapi?" Mtoto hajui. Hajawahi kuambiwa. Anachokumbuka ni ile siku ya bonasi, baba alipokuja na nyama na kusema amepata elfu sitini. Basi anasema, "Elfu sitini." Na kijana wa saiba anaandika 60,000 mahali pa mapato ya mwezi.

Tupige hesabu ya nyumba hiyo vizuri. Bei tunazotumia ni za mfano, kila mmoja aweke zake. Tuseme baba ana ekari moja na kwa mwaka mzima anapeleka kilo 4,000. Malipo ya mwezi ni shilingi 20 kwa kilo, hiyo ni 80,000 kwa mwaka. Bonasi ni shilingi 15 kwa kilo, hiyo ni 60,000. Jumla 140,000. Lakini nusu ya majani ilichumwa na watu wa kulipwa, shilingi 10 kwa kilo, hapo 20,000 zimetoka. Mbolea imekatwa 12,000. Kilichobaki ni 108,000. Gawanya kwa miezi kumi na miwili, unapata 9,000 kwa mwezi.

Hiyo elfu tisa ni bendi ya pili. Elfu sitini ni bendi ya tatu. Tuseme bei ya kozi ni 200,000 kwa mwaka. Katika bendi ya pili ufadhili ni 120,000 na nyumbani mnatoa 20,000. Katika ya tatu ufadhili ni 100,000 na nyumbani 40,000. Kwa miaka minne mmelipa shilingi 80,000 zaidi, na pesa za kuishi zimepungua pia, kwa sababu ya jibu moja la mtoto ambaye hakuwahi kuonyeshwa kadi ya chai.

Ni kweli kwamba kompyuta haiangalii mapato peke yake. Inaangalia kama wazazi wako hai, watoto wangapi wanasoma, kama kuna ulemavu nyumbani, eneo mnakotoka, na shule ya sekondari mliyolipia. Hili la mwisho limewaumiza watu. Kuna mtoto aliyesoma shule ya karo kubwa kwa sababu shangazi yake aliye Nairobi alimlipia, au mfadhili, au kanisa. Kwenye fomu anaonekana mtoto wa tajiri. Kama karo ililipwa na mtu mwingine, mahali pa kusema hivyo paandikwe, na barua ya aliyelipa ipatikane mapema.

Wale walio kwenye mashamba ya kampuni wana hati ya mshahara, kazi yao ni rahisi kidogo. Lakini wapo waliokuwa na hati hiyo na hawana tena. Mashine za kuchuma zimechukua nafasi za watu wengi katika mashamba hayo, na sote tunakumbuka mashine zilizochomwa Kericho mwaka wa 2023. Mzazi aliyepunguzwa kazi asiache mtoto aandike kazi yake ya zamani kwa sababu ya aibu. Barua ya kusimamishwa kazi iwekwe pamoja na karatasi nyingine.

Na hapa tuseme wazi kwa akina baba. Kuna mzee asiyetaka mtoto aandike elfu tisa kwa sababu anajulikana sokoni kama mtu wa maana. Na kuna mwingine, mwenye lori na nyumba za kupangisha, anayetaka iandikwe elfu tatu. Wa kwanza anawanyima watoto wake. Wa pili anakula sehemu ya mtoto wa mjane, na zaidi ya hayo kutoa habari za uongo ili upate mkopo ni kosa la sheria. Andikeni ilivyo. Kama fomu inauliza mapato mahali pake na gharama mahali pake, wekeni kila kitu pake.

Swali: Mwenye kadi ya chai katika nyumba yako ni nani? Mtoto wako wa Form Four amewahi kuiona? Chukueni kadi moja, kwa ruhusa ya mwenyewe, mpige hesabu yake pamoja kama tulivyofanya hapa.

KARATASI

Kitu kinachochelewesha watu kuliko vyote si pesa, ni karatasi. Kitambulisho cha mwanafunzi, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, PIN ya KRA, wadhamini na vitambulisho vyao, na matokeo ya mtihani. Mtoto akifika miaka 18 apelekwe kuomba kitambulisho wiki hiyo hiyo, maana kinaweza kukaa.

Ugumu mkubwa uko kwa yatima. Baba alizikwa miaka kumi iliyopita nyuma ya nyumba, kibali cha mazishi kilipotea, na cheti cha kifo hakikuchukuliwa kwa sababu hakuna aliyeona kazi yake. Leo fomu inauliza kama baba yu hai. Bila cheti, mtoto hawezi kuthibitisha kwamba ni yatima. Kogo anayemlea hana habari aanzie wapi. Kikundi kinaweza kumsaidia kuliko mtu yeyote, kwa sababu nyinyi mlikuwa kwenye mazishi hayo. Nendeni naye kwa naibu wa chifu, mtoe ushahidi, mfuate mpaka ofisi ya usajili. Kazi hiyo inataka miezi, si siku tatu. Anzeni mtoto akiwa Form Three.

Halafu kuna jambo la laini ya simu. Fomu inataka namba ya simu na anwani ya barua pepe, na habari zote hupitia hapo. Tumesikia mara nyingi kwamba mtoto hakuwa na simu, kijana wa saiba akaweka namba yake mwenyewe na neno la siri analolijua yeye. Baadaye mtoto hawezi kufungua akaunti yake. Laini iwe ya mwanafunzi, iliyoandikishwa kwa kitambulisho chake, na neno la siri aliandike kwenye daftari linalobaki nyumbani. Mtoto asiende saiba peke yake. Aende na mzazi au mwanakikundi anayesoma, na kabla ya kubonyeza mara ya mwisho, wasome kila mstari kwa sauti.

Kuomba hakuna mtu wa kati. Atakayekuja kituoni au kanisani akisema ana mtu ofisini wa kubadilisha bendi kwa elfu mbili, muulizeni jina lake lote na mlipeleke kwa chifu. Na karo ilipwe kwenye akaunti ya chuo tu, risiti ikatunzwe. Majirani zetu wa Uasin Gishu walijifunza kwa uchungu juu ya mpango wa kaunti wa kupeleka vijana Finland na Canada. Wazazi walilipa, wengine wakauza mashamba, vijana wengi hawakusafiri, na 2023 wazazi walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao.

SEPTEMBA NA OKTOBA

Hata fomu ikijazwa vizuri, bado kuna shimo moja ambalo nyumba za chai huangukia. Vyuo vikuu hupokea wanafunzi wapya mwishoni mwa Agosti na Septemba. Bonasi hulipwa kwa kawaida Oktoba, baada ya hesabu za mwaka zinazofungwa mwisho wa Juni. Na pesa za serikali mara nyingi huchelewa, mwanafunzi akakaa chuoni wiki nyingi kabla ya kuona za kuishi. Kwa hiyo mwezi mtoto anapohitaji pesa zaidi ndio mwezi nyumba haina kitu. Hapo ndipo chai hukodishwa kwa miaka minne ili kuziba shimo la wiki sita.

Sisi tunaona hapa ndipo kikundi kina nguvu kuliko harambee. Harambee ni nzuri, tumelelewa nayo, lakini hufanywa mara moja. Watu huja mwaka wa kwanza, mbuzi anachinjwa, pesa zinapatikana. Mwaka wa pili na wa tatu mtoto bado yuko chuoni na hakuna anayetumiwa kadi. Kikundi kilicho na mfuko wa kuweka na kukopa kinaweza kumpa mwanakikundi mkopo mdogo mwezi wa Septemba, kwa riba yenu ya kawaida, akarudisha bonasi ikiingia. Katika mfano wetu fungu la nyumbani ni 20,000. Ongeza nauli, godoro, ndoo na chakula cha wiki za kwanza. Hicho ni kiasi ambacho kikundi cha watu ishirini na tano kinaweza kukiandaa kama kimeanza kuweka mwezi wa Januari. Wawe watoto wangapi kwa mwaka, kikundi kiamue kabla, ili pasiwe na manung'uniko.

Pia kuna basari. Za kaunti zina wakati wake, na za eneo bunge zimekuwako tangu mfuko wa CDF ulipoanza 2003. Kwa kawaida ni kiasi kidogo na hulipwa kwa chuo, si kwa mkono. Ombeni, lakini msizitegemee kwenye hesabu mpaka hundi imefika.

Swali: Mwaka jana, bonasi ilipoingia, ilikwenda wapi kwanza?

DENI NI LA NANI

Katika kikundi kimoja karibu na kituo cha kununulia majani, mzee mmoja alisimama wakati wa maswali. "Mama Mwenyekiti," alisema, "mimi nina msichana. Akichukua mkopo huu halafu aolewe, deni linakwenda kwa nani? Kwa mume au linabaki kwangu?"

Watu walicheka, lakini mwenyekiti hakucheka. "Mzee, asante kwa kuuliza," alisema. "Deni ni la msichana mwenyewe. Liko kwa jina lake na kitambulisho chake. Akiolewa linakwenda naye, akikaa nyumbani linakaa naye."

"Basi mwenye kumuoa atajua?"

"Atajua kama ameambiwa, Mzee. Lakini atajua pia kwamba anaoa mtu aliyesoma."

Swali lile lilikuwa zito kuliko kicheko chake, kwa sababu kuna baba aliyekataa kusaini udhamini wa binti yake kwa woga huo, huku akiwa amesaini wa mvulana. Mkopo ni wa mwanafunzi, awe mvulana au msichana. Mdhamini naye asifikiri anasaini bure: amejitaja kama mtu anayemjua mkopaji na anayeweza kuulizwa.

Tuliangalie deni lenyewe. Mwanafunzi wa mfano wetu, bendi ya pili, anachukua mkopo wa karo 60,000 na wa kuishi 55,000. Jumla 115,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne 460,000. Riba ya HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Kwa deni hilo ni kama shilingi 18,400 kwa mwaka. Sheria inamtaka aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na asiyelipa anaweza kutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Akiajiriwa, mwajiri hukata kwenye mshahara.

Riba hiyo ni ndogo kuliko ya mahali pengi mtakapokopa. Kwa upande huo mkopo ni mzuri. Lakini nusu milioni ni nusu milioni, na kazi siku hizi hazipatikani upesi. Tumeona vijana wakitumia pesa za kuishi za muhula mzima kwa simu mpya, wakifikiri ni zawadi ya serikali, kama wale wa bumu walivyofikiri. Mzazi na mtoto wakae chini siku ya kujaza fomu waandike: hizi ni za kulipa, hizi si za kulipa. Kama nyumba inaweza kubeba sehemu ya mkopo yenyewe, mwanafunzi anaruhusiwa kuomba ufadhili bila mkopo. Ni wachache watakaoweza, lakini wajue mlango uko.

Na mkopo wa HELB huombwa upya kila mwaka. Wa mwaka wa kwanza hauendelei wenyewe. Kuna wanafunzi wanaopotea mwaka wa pili kwa sababu hiyo tu, walingoja pesa ambazo hawakuziomba. Mwandishi wa kikundi aandike kwenye kitabu chake majina ya watoto walio chuoni, na kila ombi likifunguliwa aulize kila nyumba.

UKIWEKWA BENDI ISIYO YAKO

Malalamiko ya bendi yalikuwa mengi sana 2023 na 2024, mpaka Rais akaunda kamati kubwa ya kuangalia mpango mzima. Watoto wa wachuma chai walijikuta pamoja na watoto wa mabosi. Kama hilo limewapata, msikae mkilalamika kwenye duka. Kuna nafasi ya kukata rufaa kwenye akaunti ile ile ya mwanafunzi, na muda wake ni mfupi. Rufaa inataka ushahidi, si machozi: hesabu ya chai ya mwaka mzima, risiti za karo za watoto wengine, cheti cha kifo kama yupo aliyefariki, barua ya kupunguzwa kazi, barua ya hospitali kama kuna mgonjwa. Ukiwa umezikusanya wakati wa kujaza fomu, rufaa ni kazi ya asubuhi moja.

Wakati rufaa inasubiriwa mtoto asibaki nyumbani. Aripoti chuoni siku aliyoitwa, na barua mkononi aende ofisi inayoshughulikia wanafunzi aeleze kwamba amekata rufaa. Vyuo vingi vina njia ya kumwachia mwanafunzi alipe kidogo kidogo akija mapema na kusema ukweli. Anayekuja wiki ya mtihani hana wa kumsikiliza.

Kwa mkutano wenu ujao tunaomba kila mwenye mtoto Form Three au Form Four alete vitu vitatu: kadi ya chai au hati ya mshahara ya mwaka mzima, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na mtoto mwenyewe.